Antena Ililala, Mawimbi Yalisimama

Wawira mwanangu,

Sanduku lako liko hapa kando ya benchi yangu ya kazi, limefungwa kwa kamba, na mama yako ameniambia mara tatu nisiliguse. Siligusi. Wewe na yeye mmekwenda kumuaga nyanya yako, na najua wewe utalala huko na kurudi asubuhi kuchukua mzigo, kisha safari ya Nchiru, kuanza fizikia yako chuo kikuu. Umeondoka bila kunitazama. Ulisema "tumeenda" huku ukiangalia mbuzi. Basi nina saa hizi chache kabla mama yako hajarudi peke yake, na nimefunga mlango wa karakana ili wateja wadhani sipo.

Sitakuambia ule vizuri, uombe, wala uchague marafiki. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na yangetosha watoto kumi. Nataka turudi kwenye ile siku ya miwani, kwa sababu unadhani unajua kilichonikasirisha, na hujui.

Ulikuwa umenunua miwani ya jua mjini Embu, ile wanayovaa watu wa bodaboda, ukaishika mbele ya simu yako pale mezani. "Baba, cheki hii," ukasema. Ukaizungusha polepole, kioo cha simu kikaanza kufifia, kikawa cheusi kabisa. Ukaizungusha tena, mwanga ukarudi. Mama yako alidhani simu imeharibika. Ukacheka, ukatueleza kwamba mwanga wa simu unatikisika upande mmoja tu, na miwani nayo hupitisha upande mmoja tu, kwa hiyo vikikingamana hakuna kinachopita. Kisha ukaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Na antena je? Hata antena ikilazwa badala ya kusimamishwa, si inakataa tu hivi hivi?"

Nikaipiga meza, chai ikamwagika. Nikasema fizikia haijawahi kumlisha mtu, na kwamba mtoto mwenye akili angechagua uuguzi. Tangu siku hiyo unanijibu neno moja moja. Baadaye ukatangaza kwamba hutapanga chumba hosteli, utakaa kwa mjomba wako Njeru, kwa sababu ana chumba nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza simu pale Nchiru na alikupigia mwenyewe kukualika. Nikakataa. Mama yako akataka angalau aje Jumapili akuombee kabla ya safari, maana kwetu mtoto haanzi jambo kubwa bila mjomba wake kumtolea baraka. Hilo nalo nikakataa. Nikarudia maneno niliyoyarudia maisha yako yote, kwamba Njeru ni mlevi, pombe ndiyo iliyomvunja mguu, na nyumba ya mlevi si ya kukaa msichana.

Ukaniambia, "Mimi sijawahi kumwona akikunywa, Baba."

Hujamwona kwa sababu hanywi. Hakuwa amekunywa hata siku aliyoanguka. Mimi ndiye niliyesema amelewa, na nilisema uongo.

Haya, nimeandika. Nimekaa dakika kadhaa nikiitazama hiyo sentensi na sijaifuta. Sasa nikueleze yote kwa mpangilio, na uniwie radhi nikianza mbali, kwa sababu kosa lenyewe lilianzia darasani.

Katika chuo cha ufundi nilichosomea tulikuwa na mwalimu mmoja mfupi, mkali, aliyependa kufundisha kwa kamba. Alifunga ncha moja kwenye dirisha, akashika ncha nyingine na kuitikisa juu na chini. Umbo kama nundu likakimbia mpaka dirishani. Alikuwa ameifungia kitambaa chekundu katikati, akatuuliza, "Kitambaa kimekwenda dirishani?" Hakikwenda. Kilipanda na kushuka palepale. Akasema hilo ndilo wimbi: nguvu inasafiri, lakini kitu chenyewe kinabaki mahali pake. Halafu akatupanga sisi vijana kumi na wawili mstari mmoja, kila mtu mikono mabegani mwa mwenzake, akamsukuma wa nyuma. Msukumo ukapita begani hadi begani mpaka wa mbele akayumba. Akasema sauti husafiri namna hiyo. Hewa inasukumwa mbele na nyuma, uelekeo uleule wimbi linaokwenda.

Kisha akaleta kiti cha mbao ambacho mgongo wake una fito zilizosimama wima, akapitisha kamba katikati ya fito mbili. Akitikisa juu na chini, wimbi lilipita. Akitikisa kushoto na kulia, lilifika kwenye fito likafa. Akatuuliza kama msukumo wetu wa mabegani ungeweza kuzuiwa hivyo kwa kugeuza kiti. Nikainua mkono. Nikasema hapana, kwa sababu sauti haina kushoto wala juu, ina mbele na nyuma tu, lakini wimbi linalotikisika kwa kukingama lina upande wake, na upande huo lazima uuheshimu. Hapo akatupa lile neno refu la vitabuni, polaraizesheni, na akanisifu mbele ya wote. Nakuambia haya ujue kwamba nilijua. Sikukosa kwa ujinga. Nilikuwa na daftari lenye alama zote, na mawimbi ya redio na televisheni yalikuwa kwenye daftari hilohilo, pamoja na mwanga.

Miaka ikapita, nikawa fundi wa antena kuanzia Runyenjes mpaka Karurumo. Kazi ilikuwa nyingi, na sote mafundi wa huku tulifunga antena kwa namna moja, vyuma vimelala, vinaelekea kwenye mlingoti wa zamani wa kurushia matangazo. Ikawa mazoea, hakuna aliyefikiri tena. Na picha ikiwa na chenga, yale madoa yanayocheza kwenye kioo, dawa yetu ilikuwa moja: ongeza bomba. Ukienda nyumba ukaona antena juu ya mabomba matatu yaliyoungwa kwa waya, ujue fundi alishindwa mara tatu akaongeza urefu mara tatu. Hata wateja walitupima kwa urefu wa mabomba.

Mwaka ule mama yako alikuwa na mimba yako. Njeru, mdogo wake, alikuwa amemaliza shule na alifanya kazi nami. Alikuwa na jicho kali na maneno machache. Mlingoti mpya ulikuwa umewashwa kwenye kilima cha ng'ambo, na mwenye hoteli mmoja pale Karurumo akataka picha kabla ya saa kumi Jumamosi, kwa sababu alikuwa ametangazia watu mpira. Tukafika asubuhi. Nikafunga antena kama kawaida, imelala. Picha ikaja na chenga nyingi, watu wakaonekana kama vivuli ndani ya mvua.

Nikaongeza bomba la pili. Hakuna tofauti. Njeru, aliyekuwa juu ya paa, akaniita.

"Shemeji, nimeangalia ule mlingoti mpya. Vyuma vyake vimesimama. Hii yetu si tusimamishe?"

Chini palikuwa na watu kama kumi, na mwenye hoteli amekunja mikono. Nikasikia kicheko kidogo nyuma yangu. Sijui hata kama walikuwa wananicheka mimi.

"Nani fundi hapa, mimi ama wewe?" nikamuuliza. "Ongeza bomba la tatu."

"Mvua inakuja, shemeji. Na hii paa inateleza."

"Nimesema ongeza."

Ungekuwa wewe ungebishana, nakujua. Mtu baki naye angebishana, ama angeshuka aende zake. Njeru alikuwa muthoni wangu, shemeji ambaye nimemwoa dada yake, na kwetu muthoni hajibizani na muthoni mbele ya watu. Alisema mara moja, akasema ya pili kwa adabu, basi. Nilijua hatakataa ya tatu, nikaitumia heshima yake kumpandisha. Matone ya kwanza yalianguka akiwa ameshika bomba kwa mikono miwili. Mguu wake ukateleza kwenye bati, akaja na bomba lake mpaka chini, akaangukia ukingo wa saruji. Sauti ya ule mfupa sitakuandikia.

Tulimpeleka hospitalini Embu kwa pikapu ya mwenye hoteli. Baba mkwe wangu alifika jioni, mwenye hoteli akiwa amesharudi Karurumo. Hakuwa ananipenda hata kabla ya hapo, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alimwambia apande na mvua?" Wote wakanigeukia, hata mama yako na tumbo lake. Nikasema, "Alipanda mwenyewe. Nilimkataza. Nadhani alikuwa amekunywa, nilisikia harufu."

Sikupanga kuyasema. Yalitoka kama maji kwenye bomba lililopasuka, na yalipotoka nikaona uso wa mzee ukigeukia pazia la kitanda cha Njeru na kurudi kwangu, halafu nikaona ameamini. Nilipumua. Ndiyo, Wawira, nilipumua, mjomba wako akiwa nyuma ya pazia amefungwa mbao mguuni. Naona aibu mbele yako kuliko mbele ya mtu mwingine yeyote duniani, lakini nimeamua usisikie nusu.

Kesho yake nilirudi Karurumo peke yangu kuchukua vyombo. Hoteli ilikuwa tupu, watu wako kanisani. Nikapanda polepole, bati limekauka, nikalegeza nati mbili na kuigeuza ile antena ikasimama. Nikarudi kwenye bomba la kwanza tu, la pili nikaliondoa. Nikashuka kuwasha televisheni. Picha ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la mtangazaji. Mawimbi ya mlingoti ule yalikuwa yakitikisika wima tangu asubuhi ya jana, na kile kidogo tulichokuwa tukipata kilikuwa mabaki yaliyogonga vilima na kupinduka njiani. Ningeongeza mabomba hadi mawinguni, yasingesaidia kitu. Kilichotakiwa ni kugeuza mkono robo duara.

Mwenye hoteli akaingia, akaona, akanipiga begani. "Fundi ni wewe," akasema. Nikamjibu asante.

Njeru alitoka na mguu mfupi kuliko mwenzake. Kwaya ya kanisa ikamsimamisha kwa sababu ya pombe. Kulikuwa na msichana wa Kathangari, kwao wakarudisha maneno kwamba hawaozeshi kwa mlevi. Akahamia Nchiru, akaanza na meza moja ya kutengenezea redio nje ya duka la mtu. Kila hatua niliona, na kila hatua niliona ni mapema kusema, halafu nikaona ni kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ukuta huo niliujenga kwa kukufundisha wewe, tangu ukiwa mdogo, kumwogopa mtu huyo.

Sasa unaelewa meza niliipigia nini. Uliposhika miwani ile na kuuliza kuhusu antena iliyolala, nilidhani Njeru amekuambia. Usiku ule sikulala. Na ulipotangaza kwamba utakaa kwake, nikajua kwamba sina sababu nyingine yoyote ya kukuzuia isipokuwa kujilinda. Na niliogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba atakuambia, nawe hutanitazama tena, na kwamba hatakuambia, nawe utakaa nyumbani mwake miaka minne ukifunga mlango kwa sababu yangu.

Utasoma mawimbi huko kuliko nilivyosoma mimi. Watakuonyesha kwa mashine nzuri nilichoonyeshwa kwa kiti. Siku moja utajua jambo kwa hakika, umelifanyia mtihani, umelipita, na mtu mdogo kwako atakuambia mbele ya watu kwamba umelikosea. Uso utawaka moto. Sina dawa ya moto huo. Mimi mpaka leo mteja akiniambia "fundi, jaribu hivi," bado nausikia ukipanda shingoni, na huwa naenda nje kidogo kunawa mikono ambayo si michafu, halafu narudi na kujaribu hivyo. Mara nyingi mteja amekosea. Najaribu tu.

Nasikia lango. Mama yako amerudi.

---

Imepita saa moja, pengine zaidi. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia mfukoni mwako asubuhi. Mama yako aliingia, akaona karatasi, akaona uso wangu. Akasema, "Nipe." Yeye pia hakujua, Wawira. Miaka yote hii ameomba Mungu amwachishe ndugu yake pombe.

Alisoma akiwa amesimama, kitenge bado begani. Alipofika mahali pa hospitali akarudi nyuma akasoma tena. Kisha akauliza jambo moja.

"Hata harufu? Ulisema ulisikia harufu."

"Sikusikia harufu yoyote."

Akakaa juu ya sanduku lako. Hakulia, na ningeomba angelia. Akatoa simu, akampigia Njeru, akaiweka kwenye benchi ikiwa na sauti ya nje. "Ongea," akaniambia.

Nikaongea. Sikumbuki maneno yote, lakini nilitaja bomba la tatu, na harufu, na kwamba niliigeuza antena kesho yake. Upande wa pili nilisikia mwanafunzi akiuliza kama chaja imepona, na Njeru akimwambia angoje. 

"Ireri," akasema, "hiyo ya antena mimi nilijua. Mwenye hoteli alikuja kuniona wodini, akaniambia picha imekuwa safi tangu uigeuze. Nikajua umejua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Dada alikuwa na mimba. Na mzee wetu wewe unamjua, alikuwa anatafuta tu sababu ya kukuja kumrudisha nyumbani. Ningesema, huyo mtoto angezaliwa kwetu bila baba. Mimi mguu ulikuwa umevunjika tayari. Sikutaka nivunje na nyumba."

Wewe ndiwe mtoto huyo. Ulizaliwa chini ya paa hili, ukalala kati yetu, ukajifunza kusoma kwa maandishi ya maboksi yangu ya waya, kwa sababu mtu niliyemwita mlevi alichagua kuitwa mlevi.  Yeye akaendelea, kwa sauti ya kawaida tu, kuuliza kama utakuja na godoro ama anunue.

Mama yako akaichukua simu. "Na mimi je?" akamuuliza ndugu yake. "Nyinyi wawili mlikaa mkagawana ukweli wangu, mmoja akaficha huku, mwingine akaficha kule. Nani aliniuliza kama nataka kulindwa?" Hakungoja jibu. Akakata. Sasa yuko jikoni, nasikia sufuria zinavyowekwa kwa nguvu, na hajasema kama atanisamehe. Sijamuuliza. Sina haki ya kuharakisha.

Alichosema ni hiki. Uongo niliusema kwa mdomo mbele ya watu, kwa hiyo ukweli hautapelekwa kwa karatasi na mtoto. Jumapili nitasimama kanisani niseme. Kesho tunakwenda Nchiru wote watatu, na nitasema mbele ya Njeru, nawe ukiwepo. Nimekubali. Barua hii nitaiacha juu ya sanduku uisome kabla hatujaondoka, kwa sababu usingestahili kushtukizwa ukiwa mgeni mlangoni kwa mtu. Ukiona huwezi kusafiri nami, mwambie mama yako, nami nitawafuata baadaye peke yangu. Lakini nitafika.

Na kuna msaada mmoja nakuomba, ukiweza. Ninajijua. Tukishaketi, nitaanza na mvua, na mlingoti mpya, na vile baba mkwe alivyonichukia, na nitaeleza mawimbi mpaka chai ipoe. Usiniache. Nikatize mbele ya mjomba wako, uniulize kwa sauti, "Baba, siku ile alikuwa amelewa?"

Nami nitamtazama yeye, siyo wewe, na kujibu.

Baba yako,
Ireri